Fundi wa Matandiko Asiyepanda Punda

Kila nikitaja Bagamoyo ya ujana wangu, watu huniuliza habari za pembe za ndovu na misafara ya bara, nami huwajibu habari za mtu mmoja aliyekuwa akishona matandiko ya punda. Wengine huinuka wakaenda zao. Shauri yao. Mimi nimeoa na kulea watoto kwa sababu ya mtu yule, na maadamu nina pumzi sitaacha kumsema.

Tulimwita Fundi, basi. Mafundi mjini walikuwa wengi, wa mawe, wa milango, wa vyombo vya baharini, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno kila mtu alijua unamsema yeye. Kwao sikupajua. Ukimwuliza alitaja kila mara mahali pengine, leo Ubena, kesho ng'ambo ya ziwa, na ukimkumbusha kwamba jana alisema vingine alikujibu, "Jana nilikuwa nimechoka." Jambo moja tu hakulificha, kwamba zamani alikuwa mpagazi. Bega lake la kushoto lilikuwa na sugu kubwa, ngozi imekuwa ngumu kama ya kisigino, na kila alipofikiri alikuwa na mazoea ya kulisugua kwa kiganja.

Punda aliwatukana kutwa kucha. Ungepita mbele ya kibaraza chake asubuhi ungemsikia: "Simama, mpumbavu we! Masikio yote hayo na bado husikii?" Mgeni angedhani anawachukia. Lakini sijapata kumwona akimpiga punda hata mmoja, na mtu aliyethubutu kuinua bakora karibu na kibaraza kile alifukuzwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Na yeye mwenyewe hakupanda. Alitembea kwa miguu hadi Kiwangwa kutafuta sufi nzuri, akarudi na mzigo begani, huku punda wa wateja wake wakipita kando wamebeba watu wenye nguvu kumshinda. Nilipomwuliza sababu alinitazama kama niliyeuliza mbona hali mchanga.

"Nimebeba watu na mali zao miaka mingi," akasema. "Nilichokuwa nikiwasema moyoni, nakijua. Sitaki na mimi nisemwe hivyo."

Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Tandiko likitoka mikononi mwake alilitundika mlangoni, akakaa chini yake, akasubiri kusifiwa, na usipolisifu alilisifu mwenyewe. "Tazama kona ile," angesema. "Hapo mtu anaweza kusinzia mpaka Saadani." Alisuka miyaa kwa mikono yake, akajaza sufi juu na makumbi ya nazi chini, akashona kwa shazia, sindano kubwa aliyokuwa akiichomeka kofiani, hata msikitini alisahau kuitoa. Watu walijifunza kutosimama karibu naye wakati wa kurukuu.

Ukienda kutaka tandiko, kwanza alikutaka ukae chini mbele yake ule kitu. Ndizi, kipande cha muhogo, chochote. Alitaka kuona unavyokaa ukiwa umesahau kuwa unatazamwa. Halafu aliomba kuona viatu vyako, vimelika upande upi. Mwisho alikuja nyumbani kwako akaomba msala wako wa kusalia, akauinua kwenye mwanga kuona goti lipi limeula zaidi. Vipimo vyote alivifunga kwa mafundo kwenye ukili mmoja, utepe wa miyaa iliyosukwa, na akiutia ukili ule mfukoni alikuwa amemaliza nawe. Kazi iliyobaki ilikuwa ya punda, na hiyo ndiyo iliyomchukua muda. Alimpapasa mgongo, mbavu, mabega, akimtukana polepole.

"Mbona punda unampima sana kuliko mimi?" nilipata kumsikia mteja akilalamika.

"Wewe una mdomo. Ukiumia utakuja kunigombeza. Huyu atanigombeza kwa maneno gani?"

Na alikuwa na mtihani wake. Tandiko jipya lilipandwa kwanza hadi mashamba ya nje ya mji na kurudi, ndipo yeye alilivua mwenyewe, akaweka viganja viwili kwenye mgongo wa punda. Kushoto pawe na jasho, kulia pawe na jasho lile lile, na katikati, kwenye uti, pawe pakavu. Uti ukiwa mbichi, maana yake uzito unauangukia, na punda wa namna hiyo baada ya muda hutoka vidonda. Siku moja bwana mmoja mkubwa wa mjini alirudi kutoka kwenye mtihani wa tandiko lake akiwa amechelewa kwenda harusini, amevaa joho lake zuri jeusi. Fundi aliweka kiganja katikati, akakunja uso, akachomoa kisu akapasua mshono pale pale barabarani. Upepo wa pwani ukaichukua sufi yote ukaimwaga juu ya joho. Bwana yule alifoka mpaka mishipa ikamtoka. Fundi alikuwa ameinama anatafuta kosa, wala hakuinua kichwa. "Harusi si yako," akasema. "Watakusubiri kidogo."

Nilicheka siku ile nikashika mbavu. Sikujua kwamba zamu yangu inakuja.

Kazi yangu ilikuwa kununua sandarusi, ule utomvu wa kale unaochimbwa ardhini na kupelekwa Ulaya kutengenezewa rangi za kung'arisha mbao. Ami yangu, aliyenilea baada ya baba kufa, alikuwa na ghala la sandarusi karibu na forodha, nami nilikuwa mguu wake wa porini. Nilikwenda vijijini kwa wachimbaji, mpaka Mkange kule kaskazini, nikiwa na mizani yangu na maneno matamu. Mkange nilikwenda mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Jumbe wa pale, mkuu wa wachimbaji, alikuwa na binti, na binti yule alipokuwa akinikaribisha maji alikuwa akinidhihaki jinsi ninavyotamka maneno ya Kizigua. Tulipoposa tukakubaliwa, nilirudi Bagamoyo nikiimba njia nzima.

Halafu robota la nguo liliporomoka forodhani likaniangukia goti. Nilikaa kitandani miezi. Goti likapona kwa namna yake, yaani lilikataa kukunjika tena. Mguu ukabaki umenyooka kama mwiko. Kutembea niliweza hatua chache kwa gongo, na kupanda punda sikuweza kabisa. Waungwana wa mji wetu walipanda punda kwa kukaa nyuma kabisa, karibu na mkia, miguu ikining'inia huku na huku, bila kitu cha kukanyagia wala cha kushika. Ndiyo ilikuwa heshima. Mtu mwenye mguu wa mwiko akikaa pale huteleza, na mimi niliteleza mbele ya mji mzima, mara ya kwanza upande wa kushoto na mara ya pili upande wa kulia.

Ami hakuwa mtu mbaya. "Mwanangu," akaniambia, "utakaa ghalani upime mizigo. Porini atakwenda mwingine. Na kwa harusi tutakodi watu wakupeleke Mkange kwa machela."

Tukatuma habari hiyo kwa Jumbe, na jibu lake lilirudi kwa mdomo wa mchimbaji mmoja aliyeona haya kulitamka. Jumbe alikuwa amesema: "Machela naijua. Imepita hapa na wenye homa, imepita na maiti. Binti yangu simwozi kwa mtu anayeletwa. Akiweza kuja mwenyewe kabla ya Ramadhani, aje. Asipoweza, tusilaumiane."

Nililia. Nasema wazi, nililia kama mtoto, kisha nikajikokota mpaka kwa Fundi.

Akanipa muhogo nile. Akatazama mguu wangu ulivyotangulia mbele kama mkia uliokosea mahali. Hakunipa pole. Akasugua sugu yake, akasema, "Hili sijawahi kulitengeneza," huku macho yake yaking'aa kwa furaha mpaka nikakasirika.

Tandiko la kwanza alilitia kibao upande mmoja, mguu wangu ukae juu yake. Mimi nilijiona sultani. Punda wangu, ambaye jina lake Kaidi lilimfaa, alitembea mpaka mbele ya forodha, akasimama, akafikiri, kisha akalala chini kwa upande ule wenye kibao. Makuli waliniinua huku machozi ya kicheko yakiwatoka. Fundi alikuja, akavua tandiko, akaweka viganja. Upande wangu jasho lilikuwa linachuruzika, upande wa pili mkavu kabisa.

"Kosa langu," akasema, na sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo tena. "Nilikuhurumia wewe nikamsahau anayebeba."

Alijifungia siku kadhaa. Alipofungua mlango, tandiko lilikuwa jingine. Kiti alikuwa amekisogeza mbele kabisa, nyuma tu ya mabega ya punda, mahali ambapo muungwana hajapata kukaa. Mguu mzima ulipata kikuku cha kukanyagia. Mguu wa mwiko ulipata kitanda chake chenyewe, kombeo la ukili lililojaa sufi, ukilala mbele sambamba na shingo. Na upande wa pili, kuulipia uzito wa mguu ule, kulikuwa na mfuko wa mawe yangu ya mizani. Mawe ambayo ningeyabeba hata hivyo!

Lakini fahari yake ilikuwa sehemu ya mbele ya tandiko. Alikuwa amekata tawi la mpera lililopinda, akalipiga moto na kulikunja mpaka likawa kama pembe za nyati, nikashika pembe moja kwa kila mkono. Mti wa katikati, uliobeba pembe na kuchomekwa kwenye tandiko, ulikuwa na matundu na kijiti cha kupachika. Njia ikipanda, unateremsha pembe na kuinama mbele. Njia ikiwa tambarare, unaziinua, unakaa wima kama bwana. Pembe ya kulia ilikuwa na kulabu ya kutundikia mizani, ya kushoto ilikuwa ya mgwisho wa kufukuzia mbung'o. Na ukichomoa kijiti na kuuvuta mti wote juu, unatoka mzima mkononi mwako, na pembe zinakaa sawasawa chini ya kwapa. Gongo! Nilipouvuta mara ya kwanza nikasimama nao, nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Ami alipoliona alishika ndevu. "Mwanangu, watu wa ukoo wetu hawakai mabegani mwa punda kama wauza mkaa. Utachekwa."

"Nimekwisha kuchekwa, Ami. Nimechekwa nikiwa chini."

"Bwana," Fundi akaingilia, "kule nyuma hukaa mtu anayetaka kutazamwa. Huyu anataka kufika."

Ami akaniombea dua. Mwezi wa Shaabani ulikuwa umekwisha kuandama.

Fundi alisema atakwenda nami. Nilidhani ni kwa mapenzi, nikamshukuru, naye akashangaa. "Nataka kuuona mgongo ukifika Mkange," akasema. Basi akatembea kando ya Kaidi njia nzima, akimtukana, na kila tulipopumzika alipitisha mkono chini ya tandiko. Mara moja alisimamisha safari kwa sababu ya kipande cha makumbi kilichojikunja, kitu kisichozidi ukucha. Watu tuliokutana nao walinyoosha vidole na kucheka kuona muungwana amekaa mbele ameshika pembe. Asubuhi nilikuwa nikiona haya. Kufikia alasiri nilikuwa nikiwapungia mgwisho.

Mto Wami tuliuvuka kwa mtumbwi, Kaidi akiogelea nyuma kwa kamba, tandiko limevuliwa. Ukingo wa pili ni mrefu, wa matope. Mvushaji akanyoosha mikono aniinue, kama watu wote walivyokuwa wakiniinua tangu siku ya robota. Nikamwambia asante, baba, ngoja kwanza. Nikapachika gongo langu la mpera kwenye matope nikapanda, hatua, nikapumua, hatua, nikapumua, mpaka nikawa juu. Nilipogeuka nikamwona Fundi anakuja nyuma, tandiko lote liko kwenye bega lake la kushoto, limekaa juu ya sugu.

"Bado linakumbuka," akasema, akiligonga bega kwa kidole.

Mkange tuliingia mchana wa siku iliyofuata, wakati watu wako nyumbani. Watoto walitangulia wakipiga mayowe, kwa hiyo Jumbe alikuwa amekwisha toka akasimama uani mikono nyuma, na nyuma ya ukuta wa makuti niliona kitambaa cha kanga kikipita haraka. Nikamsimamisha Kaidi. Nikatoa mguu kwenye kitanda chake, nikateleza chini, nikachomoa pembe zangu, nikatembea mpaka mbele ya mkwe wangu. Hakuna aliyenigusa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akanitazama toka utosini mpaka kwenye vidole vya mguu ule. "Nani amekuleta?"

"Nimekuja mwenyewe, Mzee."

Jumbe akamgeukia Fundi, ambaye alikuwa amekwisha vua tandiko na kuinamia mgongo wa punda. "Na wewe, bwana? Hukumleta wewe?"

"Mimi nimekuja na punda," Fundi akajibu bila kuinuka. "Huyo simjui."

Jumbe alianza kucheka taratibu, tumboni, kisha kicheko kikamshinda akashika nguzo. Vigelegele vikapasuka ukumbini. Fundi akainua viganja vyake viwili hewani, vyote vinang'aa jasho, akanionyesha kwa mbali, naye akicheka. Tukafunga ndoa wiki ile ile, na Ramadhani ya mwaka ule mke wangu ndiye aliyenipikia futari.

Tangu hapo sandarusi ya Mkange ilikuwa yangu. Nilikaa kule, nikawa nashuka Bagamoyo na mzigo kila msimu, na waungwana kadhaa wenye viuno vibovu walianza kukaa mbele na kushika pembe, wakidai ni mtindo wa Maskati. Fundi aliwaacha wadai.

Nimesahau kusema jambo moja kuhusu yeye, na ndilo nililokuwa nikilitaka tangu mwanzo. Msafara wa bara ulipokaribia mji, na bunduki zikisikika mbali kutoa habari, Fundi aliacha kazi mahali ilipo, hata shazia ikiwa katikati ya mshono, akaenda kusimama kando ya njia. Hakwenda kutazama pembe za ndovu. Alikuwa akitazama mizigo ikitua. Wapagazi walipoinamisha mabega na mzigo ukagusa ardhi, uso wake ulilegea, akapumua nao. Kisha akarudi kazini.

Mwaka mmoja, kabla Wadachi hawajaja na bendera yao, nilishuka Bagamoyo nikakuta kibaraza kitupu. Fundi alikuwa ndani, juu ya mkeka, magoti yamevimba. Miguu iliyotembea bara yote ilikuwa imekataa. Hakuwa ametoka nje tangu masika.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Punda hajambo?"

"Hajambo. Wewe je?"

"Nakuuliza habari za punda."

Tukiwa tumekaa, bunduki zikasikika upande wa njia ya bara. Msafara. Alinyanyua kichwa, kisha akautazama ukuta. Moyo uliniuma nikashindwa kukaa. Nilijua nikimwambia apande atanifukuza, kwa hiyo nikaingiza tandiko langu ndani nikaliweka mbele yake.

"Nisaidie, Fundi. Nataka kumgeuzia mzee mmoja tandiko hili. Miguu yake yote miwili haikunjiki vizuri." Nikaanza kufungua kombeo la mguu, na nikalifunga vibaya, kwa kweli vibaya sana.

Alivumilia kidogo tu. "Siyo hapo! Unataka kumkata nyonga?" Akanipokonya. "Huyo mzee wako, ana makalio makavu?"

"Makavu, Fundi."

"Kama yangu?"

"Zaidi kidogo."

Akaguna. Akaongeza sufi. Akahamisha kombeo, akaongeza la pili, akatoa mfuko wa mawe kwa kuwa sasa miguu ililingana yenyewe, akateremsha pembe tundu mbili kisha akapandisha tundu moja, akijipimia kwa viwiko vyake mwenyewe bila kujitambua, au akijitambua, sijui. Bunduki zikalia tena, karibu zaidi. Akakata uzi kwa meno, akachomeka shazia kofiani.

"Mlete punda wa huyo mzee," akasema bila kunitazama.

Nilimpandisha mimi, mwenye mguu wa mwiko, kwa mikono yangu na bega langu. Alishika pembe kwa mikono miwili. Kaidi naye, mzee sasa, aligeuza shingo akamtazama aliyemtukana miaka yote ile, halafu akaenda zake taratibu kama aliyebeba mayai, nami kando nikijikongoja kwa fimbo. Watu walitoka milangoni. Mtu mmoja aliita, "Fundi kapanda!" na wengine wakapokea, mpaka mtaa mzima ukawa unashangilia, naye akawaambia wafunge midomo wasije wakamshtua mnyama.

Tulifika njiani wakati wapagazi wa mbele wanaingia. Mzigo wa kwanza ukatua, wa pili, halafu mstari mzima, na mabega yakainuka. Nilimtazama Fundi badala ya kuutazama msafara. Alipumua nao mpaka wa mwisho.

Kisha akataka kushushwa. Akaniegemea, akaniamuru nivue tandiko, akaweka viganja mgongoni mwa Kaidi, kushoto na kulia. Akavigeuza, vimelowa sawasawa. Akapitisha kidole kimoja kwenye uti, polepole, kutoka mabegani mpaka kiunoni.

"Pakavu," akasema.

Akaendelea kumpapasa, safari hii bila tusi hata moja. Nilitandika tena nikidhani tunarudi mkekani. Akanyoosha mikono nimpandishe, akashika pembe zake, akaziinua tundu moja akakaa wima.

"Tuzungukie pwani," akasema. "Nimengoja sana, sirudi kwa njia fupi."